Humu Hatuitani

Tulichelewa kwa sababu ya friji la watu. Mume wangu ni fundi wa mafriji, na siku tuliyopanga kutoka na watoto ndiyo siku ambayo nyama ya bucha fulani iliamua kuyeyuka. Akasema anaenda mara moja anarudi. Mara moja ya mume wangu naijua. Watoto walikaa sebuleni na viatu miguuni tangu asubuhi, wakamaliza chakula cha njiani kabla ya kuiona njia yenyewe, na alipotokea na mkoba wake wa bisibisi jua lilikuwa limeshalegea.

"Twendeni siku nyingine," nikasema.

"Kesho shule," akadakia mkubwa wetu. Tunamwita Kwanini, na ukikaa naye kidogo tu utajua sababu. Mwalimu wao aliwataka wakalione lile jengo la zamani walimofungiwa watumwa, kila mtoto na wazazi wake, kisha wasimulie darasani. "Wenzangu wote wameshaenda. Mimi nikasimulie nini? Friji?"

Baba yake akacheka mpaka akaegemea mlango. Tukatoka.

Sasa kabla sijafika mbali, nieleze kuhusu mdogo wetu, maana yote yalianzia kwake. Ana miaka minne. Jina lake ni la mama mkwe wangu, na jina la mama mkwe mimi silitamki. Hakuna aliyenikataza. Ni heshima tu imekaa mdomoni, haitoki. Kliniki nilikuwa nampa nesi kadi asome mwenyewe. Nyumbani namwita Mama, kama wengi wanavyofanya, na yeye ananiita Mama, tukiitana utadhani ni mtu na kioo. Mume wangu hupenda kunichokoza. "Siku nyumba ikishika moto utamwitaje huyu?"

"Nitaita Mama," huwa namjibu, "na mtaamka wote."

Tulifika jua likiwa linazama. Jengo lenyewe ni la mawe, fupi, limekaa katikati ya maduka kama limesahauliwa hapo. Mlangoni alisimama dada mmoja mwenye rundo la funguo, ndiye mtembeza wageni. Alikuwa na mafua, na kitambaa amekifunga kichwani kwa kukikaza, kimeshuka mpaka karibu na nyusi. Mimi ni msusi, mtu nikikutana naye macho yangu huanzia kichwani. Huyu hakuacha hata unywele mmoja uonekane.

"Tunafunga," akasema.

Mume wangu ana mdomo. Akamweleza habari za friji, za nyama, za mwalimu, akamwonyesha Kwanini aliyekuwa ameshanuna. Yule dada akapenga kamasi, akatazama angani, akatufungulia.

"Basi haraka haraka. Na mkifika chini, humu hatuitani. Ukimtaka mwenzako, mguse."

"Kwa nini?" akauliza Kwanini.

"Ndio utaratibu."

"Kwa nini ndio utaratibu?"

"Niliukuta," yule dada akasema, na akaanza kushuka ngazi.

Chini palikuwa na chumba kimoja kirefu, dari liko chini mpaka mume wangu akatembea ameinama. Pande mbili kuna vibaraza vya mawe walipokuwa wakiketishwa watu. Juu kabisa ukutani kuna tundu la hewa, jembamba, mkono wa mtoto haupiti. Balbu moja. Harufu ya chokaa mbichi, na nyuma ya chokaa harufu nyingine ambayo pua yangu iliijua lakini kichwa kikakataa kuitaja.

Yule dada alieleza kwa sauti ya kukariri, akikatizwa na kikohozi. Akina mama waliketi upande huu na watoto wao. Ikifika siku ya kuwatoa, watoto ndio walitolewa kwanza, maana ni wepesi kubeba. Wengine walitolewa mama zao wakiwa wamelala. Mama akiamka, mikono iko mitupu.

"Walikuwa wakiita mpaka sauti inakauka," akasema.

"Watoto walikuwa wanaita nani?" Kwanini akauliza.

Yule dada akamtazama. Sikumwona akikohoa safari hii.

"Unadhani wataita nani, mwanangu?"

Kwanini, ambaye hajawahi kukosa swali tangu ajue kusema, akamshika baba yake suruali. "Nataka kutoka." Mume wangu akambeba begani wakapanda juu. Mimi nikabaki, kwa sababu mdogo wetu alikuwa amechuchumaa pembeni akichora vumbini kwa kidole, na kumwinua mtoto yule akiwa anachora ni ugomvi.

"Wageni huwa nawazimia taa kidogo," yule dada akasema, "waone ilivyokuwa. Swichi iko juu mlangoni. Nizime?"

Nilitaka kusema hapana. Lakini mwanamke mzima kuogopa giza mbele ya mtu mgeni… nikaona aibu.

"Zima," nikasema.

Akapanda. Taa ikazimika.

Giza la humo si kama la kufumba macho. Ukifumba macho bado unajua unayo. Nikangoja taa iwake. Haikuwaka. Nikasikia upepo huko juu, kisha mlango ukajibamiza kwa kishindo, ule mlango wa mbao nene, na sauti ya mume wangu ikaja kwa mbali kama ya mtu aliyefunikwa blanketi.

"Umeme umekatika! Mlango nao umekwama! Tulieni hapo hapo!"

Simu yangu katuni zilikuwa zimeshaimaliza chaji njiani. Nikapiga magoti nikapapasa pale mtoto alipokuwa. Ukuta. Vumbi. Nikasogea. Ukuta tena.

Hayupo.

Hapo ndipo niliposahau. Au sikusahau, woga tu ulinitangulia.

"Mama!" nikaita. "Mama!"

Mwanangu akiitwa huitika "Abee". Tumemfundisha hivyo, na anaivuta mpaka wageni wanacheka.

"Nipo, mwanangu."

Nyuma yangu. Karibu na sikio.

Nikajidanganya kuwa ni yule dada wa funguo. "Dada, umeshukaje, mbona mlango…" Sikumaliza. Mkono ulinishika kiganja. Ulikuwa mkubwa kuliko wangu, mgumu, na baridi kama nyama ya kwenye friji.

"Usilie," sauti ikanong'ona. "Usilie tena. Nimekusikia."

Na ile harufu ikaja yote, na sasa kichwa changu kikakubali kuitaja. Ni harufu ya kichwa ambacho hakijaoshwa muda mrefu sana. Jasho lililokauka, vumbi, mafuta yaliyochacha. Nimeshika vichwa vya kila namna kwenye kazi yangu na sikuwahi kushika cha hivyo.

Nikavuta mkono. Haukutoka. Nikavuta kwa nguvu zangu zote, miguu nimeikaza kwenye mawe, na aliyenishika hakutikisika hata kidogo. Alinishika tu, kama unavyomshika mtoto barabarani magari yakipita. Nilikuwa nimeita mama, na mama alikuwa amekuja.

Sikuwa nalia. Lakini aliposema usilie, machozi yakaanza kunitoka yenyewe.

Ndipo, upande wa pili wa chumba, mbali na nilipokuwa, mwanangu akaamua kuogopa.

"Mama!"

Mkono ukaniachia.

Nikafungua mdomo nimwitikie. Nilichelewa kidogo tu. Kidogo sana.

"Nipo, mwanangu."

Ilikuwa sauti yangu. Si ya kufanana, ni yangu mimi, na kile kikohozi changu cha mwisho wa sentensi, cha moshi wa pasi ya nywele, nacho alikuwa nacho. Nikasikia miguu mitupu ikipita mbele yangu. Fya… fya… fya. Haina haraka.

"Siyo mimi!" nikapiga kelele. "Usiende! Siyo mimi!"

Sasa jiulize, mtoto wa miaka minne ataelewa nini hapo. Huku kuna mtu anapiga kelele gizani. Kule kuna mama yake anazungumza taratibu. Wewe ungekimbilia wapi?

Halafu nikamsikia mwanangu, ametulia kabisa, na sauti ile anayoitumia akikaa mapajani kwangu.

"Mama, mbona mikono yako imekuwa baridi?"

Nikajua neno Mama sitalitumia tena humo, maana kila nikiliita namwita yule. Limebaki jina lake mtoto. Jina la mama mkwe. Nikalitamka. Mara ya kwanza likatoka kama pumzi. Mara ya pili nikalipigia kelele, lote, na ukoo wake, mpaka mawe yakalirudisha.

Mwanangu akacheka.

"Mama, kuna mtu anamwita bibi."

"Mwache," sauti yangu ikamjibu. "Kaa vizuri nikusuke."

Hajawahi kulisikia jina lake kinywani mwangu. Hilo nilijifanyia mwenyewe, kwa heshima zangu.

Kisha nikasikia kitu kinadondoka sakafuni. Tik. Kimya. Tik… tik. Nilikijua mara moja. Jana yake jioni nilimsuka mistari ya kwenda nyuma na ncha za mistari nikazifunga kwa shanga. Mtu alikuwa akizitoa. Alikuwa akiifumua kazi yangu ili aanze yake.

Nikatambaa kuifuata sauti ya shanga. Magoti yakachubuka, sikujali. Nikaanza kugusa kiatu, kile cha kamba ambacho alikataa kukivua tangu asubuhi. Nikapanda na mguu, gauni, bega. Nikafika kichwani. Upande mmoja mistari yangu bado ipo. Upande wa pili nywele zimeachiwa, na ndani ya nywele…

Vidole.

Vinafanya kazi. Vyepesi, vya haraka, vya mtu anayejua. Vilipokutana na vyangu vikasimama.

Nikamkumbatia mtoto kiunoni nikamvuta. Hakutoka. Alikuwa amebanwa katikati ya magoti mawili, vile vile ninavyowabana watoto wasiotulia pale saluni. Na yeye akaanza kulalamika, "Unaniumiza," na sijui alikuwa akimwambia nani kati yetu.

Huko juu mume wangu alikuwa akiugonga mlango na kitu kizito. Nikajua angeufungua. Ila sikujua, akishaufungua, atamkuta mtoto bado yupo wa kutoka naye.

Hapo nikatulia, sijui utulivu ule niliupata wapi. Yule mama hakuja kwa ajili ya mwanangu. Alikuja kwa sababu kuna mtu alimwita. Aliyemwita kwanza ni mimi.

Nikapiga moyo konde. Nikaketi sakafuni, nikaulaza uso wangu kwenye goti lile la baridi.

"Mama," nikasema polepole. "Na mimi. Nisuke na mimi."

Vidole vikatoka kwenye nywele za mtoto.

Magoti yakafunguka.

Nilimsukuma mwanangu kwa nguvu ambazo sijawahi kuzitumia kwake. "Nenda kwa baba! Unamsikia anavyogonga? Mfuate baba!" Akaangua kilio, akaenda analia, nikasikia viatu vyake vikiparaza kwenye ngazi moja baada ya nyingine. Nikataka kumfuata. Magoti yakafunga, nami nimo katikati.

Alianza na kisogo. Alichana njia kwa ukucha, imenyooka, bila kitana, gizani. Miaka yote ya kazi sijapata kuona mkono kama ule. Mstari wa kwanza aliukaza mpaka ngozi ya uso wangu ikavutika na macho yakapanda. Watu husema nywele zilinisimama. Zangu hazikusimama, zilikuwa zimeshikwa.

"Walikupeleka wapi?" akanong'ona. Safari hii haikuwa sauti yangu. Ilikuwa yake, imekauka.

Nikamjibu nini? "Mbali."

"Walikupa chakula?"

"Walinipa, mama."

"Ulilia?"

"Nililia."

Mstari wa pili. Huu aliukaza taratibu, kama mtu anayeogopa kuniumiza. Na nitasema ukweli wote, hata ukinicheka. Nilimwonea huruma mpaka kifua kikaniuma. Mimi nasuka watu kutwa, wangu wa kunisuka hayupo tangu mama yangu afariki. Shingo yangu ililegea. Kichwa kikalala pajani kwake chenyewe. Nilisikia mlango ukigongwa, nikamsikia mwanangu analia huko juu, na nikajiona sina haraka ya kwenda popote.

Hicho ndicho kilichoniogopesha kuliko vyote. Nilitaka amalize.

Mlango ukavunjika. Tochi ya simu ikateremka ngazi, na mume wangu nyuma yake, anahema.

Nilikuwa nimepiga magoti peke yangu, uso nimeuelekeza kwenye kibaraza kitupu. Shanga zimetapakaa sakafuni. Hakukuwa na mtu.

"Wewe!" mume wangu akafoka. "Mtoto anapanda ngazi peke yake gizani, wewe umekaa unasali?" Kisha mwanga ukafika kichwani kwangu na akaacha kufoka. Tulipoingia nilikuwa na nywele zangu za kuchana tu. Sasa upande wa kushoto ulikuwa umesukwa, kutoka kisogoni mpaka sikioni. Upande wa kulia hapana.

Yule dada wa funguo alinishika mkono kunipandisha. Tulipofika juu akaniuliza kwa sauti ya chini, mume wangu asisikie.

"Uliitwa, au uliita?"

"Niliita."

"Ulimwita nani?"

"Mwanangu."

"Kwa jina gani?"

Mkono wa yule dada ukapanda kukikaza kitambaa chake ambacho hakikuwa kimelegea.

"Usizifumue," akasema.

"Nikizifumua?"

Akageuka kuwahimiza mume wangu na watoto watoke. Akatufungia geti.

Nilijaribu kuzifumua, bila shaka. Mimi ni msusi, nimefumua vichwa vilivyoshindikana. Mstari wa yule mama hauna ncha. Unaufuata na kidole mpaka mwisho, unajikuta umerudi mwanzo. Nilichukua mkasi, mkono ukagoma. Siku hizi na mimi najifunga kitambaa, nakishusha mpaka karibu na nyusi. Kuna siku kilinidondoka pale saluni, na mwenzangu wa kiti cha pili akapiga ukunga.

"Shosti, nani kakusuka hivi? Mbona kazi nzuri halafu kaacha nusu?"

"Aliitwa," nikasema.

"Basi mrudie akumalizie. Mteja wa kichwa nusu haendi mbali."

Akacheka. Tunalisema hilo kila siku kwa wateja wanaotaka kutoka kwenda kula kabla hatujamaliza. Mimi sikucheka.

Nyumbani sasa namwita mtoto kwa jina lake. Mama mkwe alipolisikia kutoka mdomoni kwangu, aliweka kikombe chini na hajaja kwetu tena. Mtoto mwenyewe haitiki. Na yeye akiniita Mama kutoka chumba kingine, nafumba mdomo kwanza nasikiliza. Mume wangu anasema nimekuwa kiziwi. Nasikiliza kama kuna atakayeitika kabla yangu. Hadi leo hajaitika mtu.

Jumamosi iliyopita mchana nilimwita nimsuke. Upande ule uliofumuliwa nilikuwa sijaugusa tangu siku ile, na umeanza kujifunga mafundo. Alikuja na kigoda chake. Kwanini alikuwa mezani anachora, mume wangu yuko nje na friji la jirani, redio inaimba. Nikambana katikati ya magoti maana hatulii. Kitana sikukiona kilipo. Sikukitafuta sana. Nilichana njia kwa ukucha, na ikanyooka.

Nilikuwa nimefika mstari wa pili, nikijisikia vizuri kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, mtoto alipogeuka akanitazama.

"Mama," akasema, "mbona mikono yako imekuwa baridi?"